Tela Lililobeba Magunia Ishirini

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatatu, Fundi Mkuu wa karakana moja pale Utemini, mjini Singida, aliniwekea mezani vipande viwili vya chuma na kuniambia nichague kilicho kizima. Nilikuwa sijapewa hata koti la kazi. Vipande vilikuwa sawa kwa urefu na unene, na vyote vilikuwa vimepakwa rangi nyeusi iliyokuwa bado inanuka. Nilivigeuza mara mbili, nikachagua cha kushoto.

"Kwa nini hicho?"

"Kinaonekana kizuri, Mzee."

"Nani amekipaka rangi?"

"Sijui."

"Hujui aliyekipaka, hujui kwa nini amekipaka, halafu unaniambia kizuri. Kaa hapo, kijana. Leo hutashika mashine."

Alikwangua rangi kwa msasa, akapaka mafuta ya taa, akaacha kwa muda wa kunywa chai. Kisha akafuta mpaka pakakauka, akasugua chaki nyeupe juu yake. Baada ya dakika chache mstari mwembamba kama unywele ulijitokeza kwenye chaki. Chuma kikiwa na ufa ambao jicho halioni, mafuta ya taa huingia ndani yake na kujificha, na chaki huyavuta nje. Nikasema basi cha kulia ndicho kizima. Akakifanyia vilevile. Nacho kilikuwa na ufa.

"Nilikwambia uchague kizima," akasema. "Sikukwambia kwamba kipo."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yangu ya kwanza, na yalinikaa kuliko yote yaliyofuata. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba tu. Mengine nimejifunza kwa vitabu vya mtumba, kwa kuuliza, na kwa daftari ambamo niliandika kila kipimo nilichochukua kwa miaka zaidi ya thelathini. Nawaandikia ninyi mnaochomelea sasa, mlio na mashine nyepesi na simu za kutazamia picha. Wengi mmeanza kupata kazi ya kugeuza tela la mizigo kuwa nyumba ya kulala: kwa wachimba visima, wapima barabara, warina asali, hata wageni wa kutembea. Mtaletewa orodha ya vitu vya kuweka ndani. Nataka mjue namna ya kuishuku orodha hiyo, na mjue pia mahali ambapo shuku yangu mwenyewe iliniangusha.

Kutoka Utemini nilihamia Ikungi, kwenye kambi ya ujenzi wa barabara, chini ya Msimamizi wa Kambi. Huyu alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache yalikuwa matusi. Kazi yangu ilikuwa vibanda vya magurudumu, yaani vyumba vya bati vilivyowekwa juu ya tela ili wafanyakazi walale karibu na barabara. Pale nilijifunza kwamba tela halifanani na nyumba hata likiwa na mlango na pazia. Nyumba hubeba uzito ikiwa imesimama. Tela hubeba huku linapigwa.

Siku moja tulifunga tangi la maji nyuma ya kibanda kwa sababu nyuma ndiko kulikokuwa na nafasi. Trekta lilipoteremka mteremko mdogo, kibanda kilianza kuchezesha mkia, kushoto, kulia, kila mara zaidi, hadi kikalala mtaroni. Hakukuwa na mtu ndani. Msimamizi wa Kambi alishuka, akatazama magurudumu yaliyokuwa bado yanazunguka hewani.

"Nani aliweka maji nyuma?"

"Mimi, Bwana Msimamizi."

"Ng'ombe wewe. Ukibeba mtoto unambeba kwenye kisigino?"

Tusi lile lilikuwa na hesabu ndani yake, na jioni ile niliitafuta kitabuni. Uzito mkubwa ukae chini, karibu na ekseli, na uegemee mbele kidogo, ili sehemu moja kati ya kumi ya uzito wote iwe juu ya ndoano ya gari linalovuta. Ikipungua, mkia unacheza. Ikizidi, gari la mbele linanyanyua pua. Sijawahi kutengeneza tela baada ya hapo bila kupima ndoano.

Nilirudi mjini Singida nikiwa fundi wa daraja la kwanza katika kampuni binafsi ya kuchimba visima, ambayo sitaitaja. Mkuu wangu alikuwa Meneja wa Karakana, kijana wa pwani, msomi, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku za vumbi. Alikuwa akinisalimia shikamoo kila asubuhi bila kukosa, kisha hakunisikiliza mpaka kesho yake. Nilikuwa na mkataba wa miaka mitatu, na mwisho wake ulikuwa na kiinua mgongo. Kwa kiinua mgongo hicho nilikusudia kuezeka nyumba yangu, ambayo kuta zake zilikuwa zimesimama misimu minne ya mvua bila bati. Mke wangu alikuwa ameacha kuuliza lini. Ikiwa imebaki miezi kumi na minne, tela likaletwa.

Lilikuwa tela la boksi, limefungwa pande zote, ekseli mbili, magurudumu manne, milango miwili nyuma. Lilipakwa rangi ya kijani inayong'aa. Nililizunguka mara tatu kabla ya kuligusa.

"Zuri, eh?" Meneja aliuliza.

"Limepakwa rangi lini?"

"Shikamoo kwanza, Mzee."

"Marahaba. Limepakwa lini?"

"Mimi nimenunua tela, sijanunua historia." Akanipa karatasi. "Watu wanne watalala humu wiki tatu tatu porini. Wachimbaji watatu na mpishi. Fanya kama ilivyoandikwa."

Orodha ilikuwa na vitu kumi na vinne. Vitanda vinne vya mbao. Kabati la nguo. Meza ya mbao ngumu. Jiko la gesi la mafiga manne. Friji. Kiyoyozi na jenereta yake. Choo cha ndani na tangi la uchafu. Bafu. Televisheni. Tangi la maji la lita mia tano, juu ya paa. Na vingine vya namna hiyo. Ilikuwa orodha ya mtu aliyefikiria starehe, akaishia hapo. Niliipima kitu kimoja kimoja, vingine kwa mzani wa stoo, vingine kwa kukadiria mbao na bati, nikapata kilo elfu moja mia sita na kumi.

Kisha nikatafuta kibao. Kila tela la kiwandani lina kibao kidogo cha bati kinachosema uzito wa mwisho, yaani tela lenyewe pamoja na kila kilicho ndani yake. Cha tela lile kilikuwa chini ya rangi ya kijani. Nilikikwangua taratibu kwa wembe. Kilo elfu mbili. Tukalivuta tela hadi kiwanda cha alizeti chenye mzani wa magari, likasoma kilo mia nane na sitini likiwa tupu. Hesabu ni ya shule ya msingi: nafasi iliyobaki ni kilo elfu moja mia moja na arobaini. Orodha ilizidi kwa karibu nusu tani, na ndani ya orodha hiyo nusu tani ya maji ilitaka kukaa juu ya paa, katika mkoa ambao upepo wake unaangusha milango ya geti.

Nilimpelekea Meneja hesabu ile ikiwa imeandikwa vizuri. Aliisoma hadi mwisho, lazima niseme ukweli.

"Mzee, kibao kimeandikwa na watu waoga wa viwandani. Aliyeniuzia amebeba magunia ishirini ya vitunguu kwa tela hili, miaka mitano. Gunia moja kilo mia. Ishirini mara mia?"

"Elfu mbili."

"Elfu mbili za mzigo. Mimi naweka elfu moja na mia sita. Nimepunguza. Bado unalia?"

Neno gunia lilikuwa limenishika. Meneja alikulia mahali ambapo gunia ni kipimo cha dukani. Mimi nimekulia mahali ambapo gunia ni mapatano kati ya mkulima na mchuuzi, na mchuuzi ndiye mwenye sindano ya kushonea.

Nilikwenda Mtinko, alikotoka tela, siku ya mnada kwa nauli yangu. Muuzaji wa tela nilimpata bila shida, mfanyabiashara wa vitunguu, mnene, mchangamfu, akizozana na mkewe kwa Kinyaturu juu ya chenji. Nilipojitambulisha, daftari mkononi, akabadili lugha.

"Karibu, fundi. Kama umetumwa kurudisha tela, sina pesa, nimeshakula."

"Sijatumwa kurudisha. Nataka kuona gunia."

"Gunia? Gunia gunia?"

"Moja kati ya yale ishirini."

Alicheka mpaka akashika tumbo. Akanipeleka nyuma ya turubai. Magunia yalikuwa yamepangwa, na kila moja lilikuwa limejaa hadi mdomoni, kisha juu ya mdomo limeshonewa wavu, na ndani ya wavu vitunguu vingine vimepanda kama kilemba. Ndiyo lumbesa. Ninyi nyote mnaijua, hata kama mnajidai hamjui. Inakatazwa kila msimu na kila msimu inapanda lori.

"Lumbesa hizi ndizo ulizobeba?"

"Hizi hizi. Ishirini! Na siku nyingine mke wangu juu, na kreti za soda. Halijawahi kulalamika. Tela la chuma cha kweli lile, siyo haya ya siku hizi."

Tuliliweka gunia moja kwenye mzani. Kilo mia moja arobaini na nane. Ishirini mara hizo ni kilo elfu mbili mia tisa na sitini, karibu tani tatu, kwenye tela linaloruhusiwa kubeba tani moja na kitu, kwa miaka mitano, kwa barabara ya vumbi. Yeye alikuwa ananitajia sifa ya tela, na mimi nilikuwa nasikia maelezo ya ajali ambayo bado haijatokea.

"Na rangi ulipaka kwa nini?"

"Wewe fundi! Unauza ng'ombe mwenye matope?"

Nilimshuku kwa jibu lile, ingawa leo naona lilikuwa jibu la kawaida kabisa. Kisha nikauliza swali ambalo halikuwa la chuma.

"Samahani, Meneja wetu alikupa ngapi?"

"Milioni sita na laki mbili. Mkononi, hapa hapa, noti zinanuka benki."

Niliandika na hiyo.

Nyumba ya chuma hupimwa mgongo kabla ya kitu kingine. Niliporudi nilitoa sakafu ya plaiwudi, nikafunga uzi kutoka mwanzo wa fremu hadi mwisho, nikauvuta ukaimba. Katikati, fremu ilikuwa imeshuka milimita ishirini na saba chini ya uzi. Kwenye masikio ya springi, yaani vipande vinavyoshika springi na fremu, niliona rangi imekusanyika kama ute. Sikufanya jaribio la chaki siku ile. Nilitaka kwanza kumwambia mkuu wangu, kwa utaratibu.

"Meneja, tela limebeba tani tatu, siyo mbili. Gunia la Mtinko siyo kilo mia."

"Basi si ndiyo vizuri zaidi? Kumbe lina nguvu kuliko nilivyodhani."

Nilichukua waya, nikaukunja mbele yake, nikaunyoosha, nikaukunja, nikaunyoosha. Mara ya tisa ulikatika. "Mara nane ulikuwa na nguvu," nilimwambia. "Chuma kinachoka. Kikibeba kupita kiasi leo kisivunjike, hakijapita mtihani. Kimetumia sehemu ya maisha yake."

"Mzee, mimi si mwanafunzi wako."

"Nahitaji fremu mpya, au angalau paipu mbili za chuma za mraba chini kwa urefu wote, na masikio mapya."

"Hakuna bajeti. Punguza vitu kama unaogopa, lakini fremu ni ile ile. Na mwisho wa mwezi utasaini fomu ya makabidhiano kwamba tela ni salama. Wewe ndiye fundi wa daraja la kwanza, sahihi ni yako."

Hapo ndipo shuku yangu ilipokomaa. Kwa nini asitake fremu iguswe? Kwa nini sahihi iwe yangu? Nilikwenda kwa karani wa stoo, nikaomba kuona daftari la manunuzi, nikisema natafuta namba ya kibao. Tela lilikuwa limeandikwa milioni saba na laki tano. Muuzaji alipokea milioni sita na laki mbili. Tofauti ilikuwa milioni moja na laki tatu, na mimi, mtu niliyefundishwa kutochagua chuma kwa macho, nilijua papo hapo kwamba nimeona cha juu cha Meneja.

Nieleze kwanza kazi ya kuchagua, maana ndiyo niliyoifanya vizuri. Kila kitu kwenye orodha nilikiuliza maswali matatu: kisipokuwepo, nani ataumia? Kinaweza kukaa nje ya tela? Kinabeba uzito wake mahali gani? Kiyoyozi kilianguka swali la kwanza, pamoja na jenereta yake na televisheni. Badala yake nilikata madirisha manne yanayokabiliana, yenye wavu wa mbu, ili upepo wenyewe ufanye kazi. Friji ilianguka, maana nyama ya porini hukaushwa au huliwa siku ileile. Choo kilianguka. Wachimbaji wanaokwenda chini mita themanini wanaweza kuchimba shimo la mita mbili. Tangi la maji lilishuka kutoka paa hadi sakafuni, mbele ya ekseli, likapungua kuwa la lita mia mbili. Vitanda vya mbao vikawa fremu nyepesi za bomba na turubai, viwili juu, viwili chini. Mtungi wa gesi ulitoka nje kabisa, kwenye kisanduku chenye matundu chini, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, na ikivuja ndani hulala sakafuni, mahali mtu anapolala.

Nilikuwa nimeridhika. Mpishi wa kikosi, Mama Suzana, alikuja kuona. Ni mwanamke wa Iramba, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka kisima cha pili. Aliingia, akazunguka, akakaa kwenye kitanda cha chini, akanitazama.

"Fundi, umepima maji, umepima gesi, umepima upepo."

"Ndiyo, mama."

"Umepima kila kitu humu isipokuwa mimi."

Sikuelewa.

"Wanaume watatu na mimi. Wiki tatu. Pazia hili nitalifunga kwa kitu gani, kwa sala?"

"Wale ni watu wazuri, mama. Nawafahamu."

"Na tela hili nalo ni zuri, naona umelifumua sakafu yote kulichungulia. Chuma unakishuku, wanaume unawaamini? Nataka ukuta, mlango, na kitasa kinachofunga kwa ndani. Na nafasi ya beseni, nioge nimesimama."

Wachimbaji waliokuwa nje walicheka, mmoja akasema, "Mama, nani atakusumbua na mwiko wako ule?" Akamjibu bila kugeuka, "Wewe ndiye wa kwanza kwenye orodha yangu, nyamaza." Lakini alikuwa hatanii. Niliweka ukuta wa plaiwudi nyembamba, mlango wake mwenyewe wa pembeni, kitasa cha ndani na komeo la chuma. Kilo thelathini na nane. Nikaondoa kabati na meza ngumu kulipia uzito huo. Katika kazi zangu zote sijaweka kitu cha lazima kuliko kile, na hakikuwa kwenye orodha ya Meneja wala kwenye yangu.

Tela zima, pamoja na paipu za mraba nilizokuwa bado nazidai, lingekuwa na mzigo wa kilo elfu moja na ishirini. Ndani ya kibao. Lakini fremu ilikuwa ni ile ile, na mwisho wa mwezi ulifika.

Meneja aliweka fomu mezani.

"Saini, Mzee."

"Sisaini."

"Kikosi kinaondoka keshokutwa kwenda Mkalama. Gari lipo, mafuta yapo, wanakijiji wanasubiri maji. Unajua usiposaini nitaandika nini kwenye faili lako?"

"Najua."

"Na mkataba wako?"

"Najua pia."

Nilikuwa najua sana. Nilikwenda nyumbani, nikatazama kuta zisizo na bati, na nikakaa kuandika barua kwa Mkurugenzi. Barua ilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulieleza fremu, magunia, kibao, uzi. Ulikuwa na vipimo kumi na tisa. Ukurasa wa pili ulisema kwamba Meneja wa Karakana amekula milioni moja na laki tatu katika manunuzi ya tela, na kwamba ndiyo sababu hataki lichunguzwe. Ukurasa huo haukuwa na kipimo hata kimoja. Ulikuwa na namba mbili na moyo wangu. Mke wangu aliusoma, akauliza, "Huyu kijana umemuuliza?" Nikamwambia mwizi haulizwi.

Mkurugenzi alifika baada ya siku mbili, mama wa makamo, mhandisi wa visima kabla ya kuwa na ofisi. Alisimamisha safari ya kikosi, akatuita sote uani, akasimama kando ya tela na barua mkononi.

"Tuanze ukurasa wa kwanza. Fundi, nionyeshe."

Nilikwangua rangi kwenye sikio la springi la nyuma kushoto. Nikapaka mafuta ya taa, nikasubiri, nikafuta, nikasugua chaki. Mstari ulitoka, mrefu kama kidole changu cha kati. Nikafanya la kulia. Ukatoka mwingine, mfupi, lakini ulikuwa umekwishaanza kupinda kuelekea kwenye fremu. Mama Suzana alisema neno kwa lugha ya kwao na kutoa sanduku lake ndani ya tela, kana kwamba lingeanguka pale pale likiwa limesimama.

Mkurugenzi aliinama, akagusa chaki. Alipoinuka hakumtazama Meneja. "Fremu mpya. Kazi ianze leo. Sasa ukurasa wa pili." Akamgeukia. "Milioni moja na laki tatu iko wapi?"

Meneja hakuonekana kuogopa. Alionekana kuumia, jambo ambalo sikulitegemea. Alikwenda ofisini na kurudi na bahasha. Ndani yake mlikuwa na risiti ya matairi manne mapya na ya ada ya kubadili umiliki, jumla yake milioni moja na laki tatu. Karani ndiye aliyeomba viandikwe pamoja na tela katika mstari mmoja, kwa sababu nafasi kwenye daftari ilikuwa ndogo. Karani akakubali kwa kichwa.

Nilifungua daftari langu mwenyewe. Siku tela lilipoletwa nilikuwa nimeandika, kwa mkono wangu: matairi manne, mapya, hayajakanyaga. Niliyagonga kwa nyundo yote manne. Sikujiuliza yamenunuliwa na nani, kwa sababu yalikuwa mazima, na mimi huuliza vilivyovunjika tu.

"Kwa nini basi ulimkatalia fremu?" Mkurugenzi alimuuliza Meneja.

Alirudisha risiti ndani ya bahasha. "Sikujua gunia la huku ni kilo ngapi. Na aliponiambia, sikutaka kuonekana sijui."

Kwa hiyo fremu ilikataliwa kwa aibu ya kijana, na mimi nikaiita wizi. Mkurugenzi alinipeleka pembeni.

"Fundi, umeokoa watu wanne. Nitaliandika hilo, na yule kijana atapata onyo kwa kukulazimisha kusaini. Lakini umemwita mtu mwizi kwa maandishi, na barua imepita mikono mitatu kabla ya kunifikia. Siwezi kuiacha. Una njia mbili. Kamati ya nidhamu, au uombe radhi kwa maandishi na ustaafu mwezi huu kwa hiari."

"Na kiinua mgongo?"

"Ni cha anayemaliza mkataba. Sheria sikuandika mimi."

Niliomba radhi. Barua ile ilikuwa ya ukurasa mmoja tu, na iliniwia ngumu kuliko chuma chochote. Nilibaki wiki mbili kumaliza fremu, kwa sababu sikutaka mtu mwingine aifanye. Niliweka fremu mpya yenye paipu mbili za mraba chini na masikio mapya, nikajaribu kila ungio kwa chaki, nikapima ndoano, kisha nikasaini fomu ya makabidhiano. Siku ya mwisho Meneja alinisindikiza hadi getini.

"Mzee, ungeniuliza tu."

"Ungenijibu?"

"Siku ile? Ningekutukana kwanza." Alitabasamu kidogo. "Halafu ningekuonyesha risiti."

Tela bado linatembea. Mama Suzana hunipigia simu mara chache kutoka porini, kunieleza kwamba wachimbaji wanakoroma hata kupitia ukuta wangu. Macho yangu yamechoka na mwanga wa kuchomelea, na nadhani ningestaafu karibuni hata kama tela lile lisingeletwa. Wanaokuja kwangu kujifunza nawapa mafuta ya taa na chaki, na nawaambia waendelee kushuku: rangi, orodha, gunia, sifa za muuzaji. Sijabadilika katika hilo. Nawaambia tu kwamba chuma hakina mdomo, ndiyo maana tunakitafutia ufa kwa mafuta na chaki. Mtu anao, na kumuuliza kunachukua muda mfupi kuliko kusubiri mafuta ya taa yaingie.

Huwa wananiuliza kama najuta kutosaini. Hapana. Fomu ile ningeikataa tena kesho. Ninachojutia ni ukurasa wa pili, na nyumba yangu bado haina bati kwa sababu yake. Kiinua mgongo nilichopoteza kilikuwa shilingi milioni nne, laki nane na elfu sitini.